Uzi Mwekundu wa Bikira

Jumatatu, 16 Desemba. Asubuhi ukungu na manyunyu. Mlima Vesuvio hauonekani. Vidole baridi.

Leo tumechota sanamu za pango la Noeli. Kila bibi anayemhudumia Malkia huchota moja, imefungwa kitambaa, akaivike nguo chumbani kwake kwa siri. Aliyemvika Bikira Maria huketi kuliani kwa Malkia garini asubuhi ya Noeli, Napoli nzima ikitazama.

Miaka kumi na mmoja nimemchota Bikira. Mungu husaidia. Mimi pia husaidia: hufunga uzi mwekundu kwenye kitambaa chake.

Leo uzi haukuwepo. Mtumishi wangu Nunziata alifuta vumbi, akadhani ni uchafu. Nikachota mwuza samaki, mmoja wa watu wa sokoni tunaowapanga pangoni. Mwanamke mnene, mdomo wazi.

Jioni Donna Fulvia kabisha hodi. Miaka ishirini, miezi mitatu ikulu, kishimo shavuni. Kanifunulia kitambaa chake bila hata kuulizwa. Bikira wangu! "Shangazi, nifundishe kukunja pindo."

Shangazi. Nina miaka arobaini na mmoja.

Jumatano, 18 Desemba. Upepo. Nimeficha hariri yote ya buluu chini ya godoro langu. Fulvia atamvika Bikira gunia.

Nunziata, akitandika: "Bibi, godoro limeota nundu." Nimemjibu atandike.

Saa tisa Fulvia kaja na habari. Hariri hakuipata, basi amekata shela ya marehemu mama yake. Buluu ya bahari, nyota za fedha ukingoni. Akalia. Ikabidi nami nilie. Nililia kwa dhati, kwa sababu zangu.

Ijumaa, 20 Desemba. Jua kidogo. Nilikusudia kumshona mwuza samaki ovyo. Nimeshindwa, masista wa shuleni waliniharibu. Nimemshonea aproni, nikabandika magamba ishirini na saba, moja moja. Mkono mmoja kiunoni. Kitambaa cha kichwa kimeteleza, kama mtu aliyetoka kugombana. Mpishi aliyenipa magamba aliuliza kama siku hizi watu wa ukoo wangu huacha nyama na kula magamba.

Kazi nzuri. Bure kabisa. Mwuza samaki hapandi gari la Malkia.

Jumapili, 22 Desemba. Mvua. Sanamu zote zimelazwa mezani, kila moja na karatasi ya jina la mshonaji, imebanwa kwa pini. Malkia atasoma kesho. Kwa desturi hakuna anayesema neno akikagua.

Karatasi mbili. Pini mbili. Nimetumia muda mfupi kuliko wa kusali Salamu Maria.

Jumatatu, 23 Desemba. Anga safi, ya kinafiki.

Malkia alimwangalia Bikira, akasoma jina langu. Akasema, "Donna Ersilia. Mzuri, kama kila mwaka." Akapita.

Kisha akafika kwa mwuza samaki. Akainama. Akagusa magamba. Akacheka mpaka akashika meza. Tangu tumzike Mfalme mwezi wa Mei hatujamsikia akicheka. Akatangaza kwamba mwaka huu desturi ikae pembeni: aliyemchekesha ndiye atakayeketi naye. Akasoma karatasi. Fulvia.

Fulvia akasema, "Mtukufu, hii si kazi yangu."

"Na unyenyekevu pia anao," Malkia akasema, akamshika shavu. Lile lenye kishimo.

Ningesema. Lakini ingebidi niseme pia nani aliyebadilisha karatasi.

Jumatano, 25 Desemba. Baridi kali, jua. Nimeenda misani katika gari la tatu, bakuli la vitumbua vya asali mapajani. Kila shimo barabarani, asali kidogo kwenye gauni. Gari la kwanza lilishangiliwa.

Baada ya misa Fulvia kanivuta kando. "Shangazi, mwuza samaki ni wako, sivyo? Niruhusu nimwambie Malkia." Nimemwambia aache uchokozi. Macho yake yalijaa machozi. Anajua kuigiza, mtoto huyu.

Kesho tunachota tena, sanamu za Sikukuu ya Mamajusi. Nimefikiri kwa utaratibu. Malkia sasa anataka kucheka. Basi Mamajusi wenyewe, wale wafalme, hawafai. Anayefaa ni ngamia. Nimeshamfunga uzi mwekundu. Nimemwonya Nunziata asifute vumbi mpaka Januari.

Nalala saa tatu na robo, ubavu mmoja, kwa sababu ya nundu.