Misumari kwenye Dirisha la Mzazi

Jumatatu, 10 Februari

Joto! Hapa Mponde, kwenye chai na ukungu, tunaungua kama watu wa bondeni. Mafuta ya nazi, ambayo huku kwetu huganda mwaka mzima mpaka uyachokoe kwa kijiti, leo yamekuwa maji. Kuku wanatembea midomo wazi. Bati linalia tangu saa nne asubuhi.

Chumba cha mzazi ndicho kibaya kuliko vyote. Husna, mke wangu, yumo humo na Rahma wetu, ambaye hajatimiza hata mwezi. Mama mkwe, Bi Shamsa, ameteremka kutoka kwao, kule juu kwenye baridi kali, kusimamia arobaini. Jiko la mkaa pembeni ya kitanda. Mlango umefungwa. Mtoto kavaa sweta, soksi na kofia ya sufu, na juu yake mablanketi mawili. Dirisha nalo limepigiliwa misumari. Hiyo ni kazi yangu! Siku walipotoka hospitali mama mkwe aliniuliza kama kwetu dirisha la mzazi hufungwa. Nikamjibu kwamba kwetu halifungwi tu, hupigiliwa. Akatikisa kichwa taratibu. Alivutiwa, nina hakika.

Leo nimechungulia. Rahma ana vipele shingo nzima. Husna kanikazia macho, kanong'ona nimwambie mama yake apunguze moto. Yeye hasikilizwi, kasema, mimi nitasikilizwa.

Nimwambie mama mkwe? Mimi? Mtu hamwamrishi mkwewe. Nikakohoa kwa maana. Mama mkwe akaniletea chai ya tangawizi, ya moto.

Basi. Sitasema kitu. Nina mpango.

Jumanne, 11 Februari

Mpango: kulipoza bati. Nimepanda juu na ndoo za maji, nikamwaga. Shwaaa! Mvuke! Nilijisikia mtu mwenye akili kuliko wote kata hii.

Nilisahau matundu ya misumari ya zamani. Bati hili nililitoa kwenye nyumba ya marehemu baba. Maji yamemdondokea Bi Shamsa utosini. Nimemsikia akimshukuru Mungu kwa mvua. Kisha akatoa kichwa mlangoni, akauliza kama kwetu mvua ikinyesha mzazi huongezewa blanketi. Nikiwa juu ya ngazi, ndoo mkononi, nimejibu: naam, mama. Ningejibu nini? Blanketi la tatu nimelipeleka mwenyewe.

Yusufu, jirani yangu, ameona yote akiwa ameegemea uzio. Huyu ameoa Mombo, chini kwenye joto na mbu. Mwaka jana alirudi harusini na feni. Nilimcheka kituoni pa kupimia chai, watu wote wakisikia. Nilimuuliza kama anataka kufukuza ukungu. Sasa feni hiyo inazunguka sebuleni kwake, naisikia hadi jikoni kwangu. Kasema atanipa leo hii, kwa sharti moja: nikaiombe kituoni, mbele ya watu wale wale, na niseme kwamba watu wa Mombo wana akili.

Abadani! Afadhali niyeyuke.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda Lushoto kutafuta feni yangu mwenyewe. Muuza vifaa vya umeme hakunijibu. Aliwaita wenzake kwanza, waje wanione. Kisha akasema wao huuza hita, nikitaka anaweza kunionyesha. Nimetoka dukani bila kuaga.

Njiani, pale Soni, nikapata wazo. Barafu! Nimeijaza ndoo nzima, nikaifunika na maranda ya mbao na gunia. Imefika nyumbani nusu. Mama mkwe alipotoka kuswali adhuhuri, mimi na Husna tumesukuma beseni la barafu chini ya kitanda.

Ilifanya kazi! Rahma alilala bila kulia. Husna alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nipigilie dirisha. Vipele bado vipo, na pumzi ya mtoto ni ya haraka haraka, sikuipenda.

Beseni lina ufa. Sikujua. Bi Shamsa alirudi, akavua ndala, akakanyaga maji baridi. Alipiga kelele mpaka mbuzi wakaitikia. Amesema maji yanachipuka chini ya nyumba, na ubaridi wa ardhini ndio unaovunja migongo ya wazazi. Akaniita mlangoni. Akaniuliza, kwa sauti ya kuchoka, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, kama kwetu sakafu ikilowa huongezwa jiko la pili.

Nimesema naam, mama.

Nimelileta mwenyewe. Nimeliwasha mwenyewe. Nyuma yake Husna alikuwa ananitazama, na sijui kuandika jinsi alivyonitazama.

Alhamisi, 13 Februari

Leo sijui nianze wapi. Naandika hivyo hivyo.

Saa saba mchana Husna aliniita kwa jina langu. Zuberi! Tangu tuzae huniita baba Rahma. Nikajua. Mtoto hanyonyi. Mwili ni moto kama sufuria. Halii. Afadhali angelia! Macho nusu wazi, shingo imelegea. Mama mkwe anasoma dua, midomo inamcheza.

Niliogopa. Sijapata kuogopa vile maishani mwangu.

Nilikimbilia kwa Yusufu. Yupo mkewe tu, Fatuma. Pikipiki iko kituoni na mumewe. Nilimwambia shemeji, mtoto, mtoto, nikaendelea kukimbia. Kituoni foleni ya watu na vikapu vya chai. Nilisimama katikati nikapiga kelele: Yusufu, watu wa Mombo wana akili, nipe feni, nipe pikipiki, mwanangu anakufa! Yote kwa pumzi moja. Hakuna aliyecheka. Yusufu alitupa kikapu chini na majani yake yote, akawasha pikipiki.

Tumekuta Fatuma ameshaingia chumbani. Alimwamkia Bi Shamsa shikamoo, akaomba radhi, kisha akambeba mtoto akamtoa nje kivulini chini ya mparachichi. Sweta lilikuwa chini, soksi chini, kofia chini. Alikuwa anampangusa kwa kitambaa kibichi, polepole, kwapani na mapajani, huku akimwambia Husna ajaribu tena kumnyonyesha. Yusufu alichukua mtaimbo akaling'oa dirisha langu, fremu na yote.

Husna na mtoto walikwenda Bumbuli kwa pikipiki. Mimi nilifuata kwa miguu, nikikimbia na kutembea na kukimbia. Nilipofika hospitali, mtoto alikuwa ananyonya. Ananyonya! Nililia kwenye korido, mtu mzima, sijali. Nesi kasema amezidiwa na joto na kupungukiwa maji, watabaki naye mpaka kesho. Akauliza chumba chake kina dirisha. Nimeangalia viatu vyangu.

Ijumaa, 14 Februari

Wamerudi. Rahma analia kwa nguvu zote. Sauti tamu kuliko adhana ya magharibi siku ya kufunga, Mungu anisamehe.

Bi Shamsa ameniita, akanikalisha kwenye kigoda, mbele ya Husna. Kasema wiki nzima ameteseka, kidogo azimie mle chumbani. Kasema hata kwao kwenye baridi hawawashi jiko siku za joto kama hizi. Lakini siku ya kwanza tu aliuliza habari ya dirisha, akaona baba mwenye nyumba analipigilia misumari. Akileta swali, anajibiwa naam. Akitaja jiko, linaletwa limeshawaka. Akadhani ndiyo mila ya ukoo wetu. Yeye ni mgeni, mama mkwe, atampingaje mkwewe ndani ya nyumba yake? Alikuwa anauliza na kuuliza, akingoja niseme hapana mara moja tu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini sikusema.



Husna hakucheka. Kasema mwanawe alikuwa anapikwa huku sisi wawili tunapeana heshima. Kasema siku nyingine mtu akinyamaza humu ndani, yeye anamchukua Rahma wanahamia Mombo. Nimeapa. Mama mkwe naye ameapa. Kuanzia leo, katika nyumba hii, neno litasemwa wazi.

Jumapili, 16 Februari

Ukungu umeshuka jana jioni. Baridi! Baridi ya kwetu yenyewe, inaingia mpaka kwenye meno. Tumepaziba pale palipokuwa na dirisha kwa ubao unaofunguka. Rahma yuko vizuri, vipele vinakauka, analala na mama yake na blanketi moja.

Yusufu anatangaza kijiji kizima nilichosema kituoni. Nimemwambia sikumbuki kusema kitu.

Tatizo ni feni aliyotuletea. Mama mkwe ameipenda. Ameiazima rasmi, ameiweka sebuleni, inazunguka kutwa. Nami ndiko ninakolala, sebuleni, mpaka arobaini iishe. Nimevaa masweta mawili. Pua haikauki. Asubuhi mama mkwe aliniuliza, akiwa amejifunga khanga mbili na shuka, kama kwetu feni huachwa ikizunguka hata kwenye ukungu. Nilijibu naam, mama.

Husna kasikia. Kanikumbusha kiapo. Kasema ni neno moja tu, niseme.

Nimwambie mama mkwe azime feni? Mimi? Nimekohoa kwa maana. Ameisogeza karibu yangu zaidi.

Basi. Kesho akienda kuswali adhuhuri, soketi ile ya sebuleni naiziba kwa ubao. Misumari ninayo, ilibaki mingi.