Foleni ya Mlo wa Brazili

Jumatano, 2 Juni 1982
Nimepata! Kombe la Dunia liko mlangoni, kila baraza ni Brazili tu. Jumamosi nafanya Jioni ya Brazili, ukumbi mdogo wa Kariakoo, chakula na bendi. Waridi, mpiga chapa wa ofisini kwetu, akila na kucheza pale atamsahau Mrisho na vespa yake. Kibali tayari. Mapishi kanipa Shaibu wa bandarini, aliyefundishwa na baharia Mbrazili: maharage na nyama za kila namna, chungu kimoja. Ya nguruwe nimeikataa, Kariakoo hii nitafukuzwa. Tutatia makongoro ya ng'ombe.

Ijumaa, 4 Juni
Mpishi wangu, Mama Candida, anacheka tangu asubuhi. Eti haya ni maharage na makongoro tu, kwao Songea hayaalikiwi mtu. Hajui mambo ya nje huyu! Shida ni nyingine. Waridi akikuta ukumbi mtupu? Aibu! Basi vijana wanne wa gereji watapanga foleni mlangoni kuanzia saa tisa. Mji huu watu hutamani kile kinachopangiwa foleni. Akili ninazo.

Jumamosi, 5 Juni
Ole wangu! Tumefika na Waridi saa kumi na moja, foleni imekata kona. Vikapu, madumu, hata mawe yameachwa kushika nafasi. Kila mtu anasema sukari iliyoadimika imekuja. Nikapaza sauti kwamba hii ni shughuli yangu. Mama mmoja akanijibu kuwa kila mwenye kuruka foleni husema hivyohivyo. Nikamwamkia Bi Mgeni, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa akisimamia utaratibu. Akaitikia marahaba, akaniambia mwanangu rudi nyuma, hapa hakuna bwana mkubwa. Na mbele kabisa, na kidumu mkononi, nani? Mrisho! Akamwita Waridi aje, nafasi ipo. Waridi akaenda. Hata hakugeuka!

Bendi yangu nimeisikilizia ukutani. Nilipofika mlangoni, Mama Candida alikuwa anakwangua sufuria.

Jumatatu, 7 Juni
Ofisi nzima inasifu mlo. Wanamshukuru Bi Mgeni kwa kugawa kwa haki. Nimeumia sana.

Jumapili, 20 Juni
Mrisho kaja nyumbani. Amemposa Waridi, wazee wamekubali. Ananiomba nishike chakula na bendi ya harusi, kwa kuwa mambo haya nayaweza. Nimekwenda uani, nimelia kidogo. Kisha nikakubali. Mjinga kabisa yule! Nitapika Kichina. Waridi akionja tu, atajua amekosea mume.