Jinsi Tulivyoahirisha Tarehe ya Pasipoti

Kwa niaba ya Kamati ya Kuthibitisha Nia ya Kusafiri, ninayo heshima kuutangazia umma wa Machakos, kutoka Mitaboni hadi Kivaa, pamoja na wale wa Lukenya wanaojifanya watu wa Nairobi, kwamba sisi ndio kamati ya kwanza katika historia kuahirisha tarehe ya pasipoti. Hatukuongeza muda. Hatukuomba pasipoti mpya. Tuliahirisha. Jambo lilipendekezwa, likaungwa mkono, likapigwa muhuri.

Jina langu ni Erastus Masila, katibu wa kamati hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Naandika haya kwa sababu maneno yamekuwa mengi sokoni, na mengine yanatoka kwa watu ambao hawajawahi hata kushika faili.

Kwanza, kazi yetu. Mtu anataka kwenda nchi ya nje. Ana pasipoti, ana viza, ana tikiti. Sawa, lakini je, ana nia? Hilo hakuna aliyekuwa akilichunguza hadi kamati ilipoundwa. Msafiri hutuletea pasipoti yake, tunaiweka kwenye kabati la chuma, na baada ya siku tisini tunampa barua ya kuthibitisha kwamba kweli alikuwa na nia. Wengi wakifika siku ya tisini hawana nia tena, jambo linaloonyesha jinsi uchunguzi wetu ulivyo wa kina.

Mwezi wa Februari alikuja mama mmoja kutoka Mitaboni, Wanza Mutuku. Alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya wazee huko Malta. Alikuwa ameacha kazi yake ya zahanati na kumwachia dada yake watoto wawili, ishara ya haraka ambayo niliiandika kwenye faili kwa wino mwekundu. Hatukuwa tumewahi kuisikia Malta. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kiema, aliagiza ramani. Ikaonekana kwamba nchi yote inaingia ndani ya eneo letu la Masinga na nafasi ya kuegesha magari inabaki. Mheshimiwa aliipenda papo hapo.

Tarehe kumi na nne Aprili, viza ya Wanza iliisha muda ikiwa ndani ya kabati letu. Ilikuwa siku ya sitini tu ya uchunguzi. Akaja.

"Bwana Katibu, viza yangu imekwisha ikiwa hapa kwa kabati yenu."

"Tunasikitika," nikamwambia. "Lakini sasa hiyo ni hati iliyoisha muda, na kamati haiwezi kuthibitisha nia kwa hati iliyoisha muda."

"Lakini iliisha nikiwangoja nyinyi."

"Mama, ofisi haichelewi. Ni mwananchi hufika mapema."

Akaeleza kwamba ubalozi ulikuwa tayari kumpa viza nyingine, bora ofisi iliyokaa na pasipoti iandike kwamba ndiyo iliyochelewesha. Mistari miwili tu na muhuri. Mheshimiwa Kiema alisikia kutoka chumba cha ndani, akatoka na kijiti cha meno mdomoni.

"Miaka yangu yote ya utumishi," akasema, "sijawahi kuandika kwamba nimechelewa. Hata kwa bibi yangu."

"Mheshimiwa, hiyo kazi wameniwekea mpaka tarehe moja mwezi wa sita. Ikipita wanachukua mtu mwingine. Nimeacha kila kitu."

"Basi wewe rudi Jumanne."

Akarudi Jumanne. Akarudi Jumanne iliyofuata, na nyingine. Alikuwa akikaa kwenye benchi chini ya ubao wa matangazo, na chai yake ndani ya thamosi, kimya. Nakiri alianza kuniudhi. Mtu akipiga kelele unamwita askari na mambo yanaisha. Huyu alikuwa akisema "Mmeamkaje?" halafu anaketi, na mimi nakosa hamu ya mandazi yangu siku nzima.

Wakati huohuo, suala la Malta lilikuwa limepamba moto ofisini. Iliamuliwa kwamba kamati haiwezi kuendelea kuthibitisha nia ya watu kwenda nchi ambayo yenyewe haijafika. Kwa hiyo ziara ya mafunzo ikapitishwa. Anwani pekee tuliyoijua Malta ni ile iliyokuwa kwenye faili la Wanza, tukawaandikia hao wenye nyumba ya wazee kwamba tunataka kuja kujifunza utunzaji wa wazee na masuala mengine yanayohusiana nao. Walijibu baada ya siku mbili. Kasi hiyo ilitutia wasiwasi kidogo, lakini tukawasamehe.

Ujumbe ulikuwa wa watu watatu: Mheshimiwa Kiema, Madam Ndunge, mwalimu mkuu mstaafu aliyewakilisha wananchi kwenye kamati, na mimi, kwa sababu safari isiyo na mtu wa kuandika kumbukumbu ni likizo. Kuhusu viza, Mheshimiwa alieleza kwamba viza ni mambo ya nia, na nia tunathibitisha sisi. Hakuna aliyepinga.

Halafu Alhamisi ya pili ya Mei, Madam Ndunge akafungua pasipoti yake kuangalia kama picha bado inafanana naye.

"Aiya! Masila, hii kitu ilikwisha Januari!"

Tukafungua zetu. Januari, Januari. Tulikuwa tumezichukua siku moja, kwa ajili ya ziara ya Mauritius, ambayo tuliiahirisha hadi Mauritius wenyewe wakachoka kuuliza. Pasipoti zilikuwa safi, hazina muhuri hata mmoja ndani, na zote zilikuwa zimekufa.

"Si tuombe mpya?" akauliza Madam Ndunge.

Tukamtazama kwa huruma. Pasipoti mpya ingetaka barua ya kamati yetu, na sisi tulijua vizuri barua hiyo huchukua muda gani.

Hapo ndipo Mheshimiwa Kiema aliposimama na kuonyesha kwa nini yeye ni mwenyekiti na wengine si wenyeviti.

"Masila, kile kisima cha Kivaa tulichoalikwa kukizindua kilikuwa kizinduliwe lini?"

"Machi, mwaka juzi, Mheshimiwa."

"Kikazinduliwa?"

"Tuliahirisha."

"Mara ngapi?"

"Sita."

"Kuna mtu alishikwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Sasa hii tarehe ya Januari iko na nini special?"

Kwa kweli haikuwa na kitu. Hakuna tarehe iliyowahi kuishinda kamati yetu. Kikao kikafunguliwa kwa maombi, akidi ikatimia, Madam Ndunge akapendekeza, mimi nikaunga mkono. Ila Madam, kwa vile alikuwa mwalimu, akakwama kidogo.

"Lazima tuweke sababu," akasema. "Kuahirisha bila sababu ni uvivu."

Mheshimiwa akafikiri. "Andika ofisi ilichelewa. Hao watu wa uwanja wa ndege wakiona mkubwa amekubali makosa wanalainika."

"Ofisi gani, Mheshimiwa?" nikauliza.

"Hii. Ningekuwa na ingine ningetaja hiyo ingine. Na usiweke majina yetu, mkaguzi akikuja atasema tunajipendelea. Sema hati zote ziko na kamati."

Nikaandika azimio, na bado nalijua kwa moyo: "Kwa kuwa hati za kusafiria zilizo mikononi mwa kamati hii ziliisha muda kwa sababu ya kuchelewa kwa kamati yenyewe, wala si kwa kosa la wenye hati, kamati kwa kauli moja inaahirisha tarehe zote hadi itakapotangazwa tena." Tukatia sahihi watatu. Kwa kanuni zetu, azimio huanza kufanya kazi likishabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nikalibandika kwa pini nne.

Jumanne Wanza akaja, akasema "Mmeamkaje?", akainua macho kabla hajaketi. Akasoma. Akasoma tena, kidole kikifuata maneno.

"Bwana Katibu, hii ni ya hati zote?"

"Zote. Kamati haibagui."

"Hata yangu?"

Nikafikiri kitaalamu. Pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati. Kabati ni la kamati. "Hata yako," nikasema.

"Naeza pata kopi?"

Wasomaji hawataelewa neno hilo lilinifanyia nini. Kwa miaka kumi na mmoja nimeandika kumbukumbu za vikao mia nne na kitu, na hakuna binadamu aliyewahi kuniomba kopi. Wanakamati wenyewe huzitumia kufungia maparachichi. Macho yalinilowa. Nikamtolea kopi, nikapiga muhuri kila ukurasa, nikatia sahihi, nikaongeza nambari yangu ya simu endapo angekuwa na swali kuhusu mtindo. Kisha nikamrudishia pasipoti yake, kwa sababu kama tarehe imeahirishwa, uchunguzi nao unangoja nini? Akanishika mkono kwa mikono miwili na kuondoka mbio hadi akasahau thamosi.

"Umeona?" akasema Mheshimiwa. "Mwananchi ukimwelimisha anaelewa."

Tarehe ishirini na nane Mei, saa tatu asubuhi, ujumbe wetu ulifika uwanja wa ndege ukiwa na tai zinazofanana, Madam naye na skafu ya kitambaa hichohicho. Afisa kwenye dirisha alikuwa msichana mdogo. Akafungua pasipoti ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hizi zimeisha."

"Zimeahirishwa," akasema Mheshimiwa, na kumsukumia kumbukumbu.

Akasoma. Akamwita mwenzake, naye akasoma. Mwenzake akamwita mwingine, wote watatu wakainamia karatasi, mabega yakiwatikisika. Nilidhani ni heshima.

"Nani aliahirisha?" akauliza msichana alipopata sauti.

"Sisi."

"Na hizi pasipoti ni za nani?"

"Zetu."

"Na viza iko wapi?"

"Nia ipo," akasema Mheshimiwa.

"Wazee wangu," akasema yule msichana, kwa upole ambao bado unaniuma, "simameni hapo kando kidogo watu wapite."

Na mtu wa kwanza kupita alikuwa Wanza. Wenye nyumba ya wazee walikuwa wamempangia safari siku moja na yetu, ili gari moja litupokee wote. Kumbe ubalozi ulikuwa umesoma azimio letu, ukakuta ndani yake ile mistari miwili uliyokuwa ukiitaka, ukampa viza mpya kwa siku tisa. Afisa akatazama picha, akamtazama yeye, akapiga muhuri. Nilihesabu kwa saa yangu: sekunde arobaini. Hakumuuliza lolote kuhusu nia.

"Mheshimiwa, mmeamkaje?" akasema Wanza.

Mheshimiwa Kiema akamnyooshea bahasha ya hotuba aliyokuwa aitoe Malta, juu ya kamba ya foleni. "Wanza, mwaitu, mama yangu, ukifika huko uwasomee hii. Uwaambie tumeshikika na kazi."

"Nitawaambia, Mheshimiwa. Nitawaambia vile ilikuwa."

Alipokwisha kupotea kule ndani, Madam Ndunge alifuta machozi na kusema, "Huyo mtoto ameenda, jamani." Na mimi, sijui kwa nini, nilifurahi hadi nikaona aibu.

Yaliyofuata tuliyajua kwa barua. Mkurugenzi wa nyumba ile, mama aliyepambana na ofisi za kwao kwa miaka arobaini, alimuuliza Wanza kilichomchelewesha. Wanza hakutoa hotuba. Alitoa kumbukumbu zetu, akamtafsiria mstari kwa mstari. Yule mama akawaandikia wakubwa wetu wa ghorofa ya juu kuwapongeza. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuona ofisi ikikiri kosa lake kwa kauli moja, tena na muhuri kila ukurasa. Aliambatisha kopi, endapo yao ilikuwa imepotea.

Yao haikuwa imepotea. Hatukuwa tumewahi kuwapelekea kumbukumbu yoyote, kama tahadhari. Waliisoma, wakashuka ngazi kwa miguu yao, jambo ambalo halijawahi kutokea, wakauliza swali moja tu: kwenye hilo kabati kuna nyingine ngapi?

Zilikuwa arobaini na saba. Thelathini na tisa zilikuwa zimeisha muda, ama viza zake ama pasipoti zenyewe. Wenyewe waliitwa, na kila mmoja akapewa pasipoti yake na kopi ya azimio letu aende nayo kunakohusika. Foleni ilifika langoni. Nilipiga muhuri siku tatu, mkono ukavimba.

Kisha ikaja barua ya mstari mmoja: kamati imevunjwa, kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Ijumaa hiyo tulikutana kikao cha mwisho. Madam Ndunge aliomba kwa ufupi sana, akafunga mkoba, akasema anaenda kupalilia maharagwe, akatoka. Tukabaki wawili. Nje ya dirisha watu walikuwa bado wanasoma ubao, wengine wakipiga picha, mzee mmoja akiwasomea wengine kwa sauti kubwa pale palipoandikwa "wala si kwa kosa la wenye hati".

"Andika," akasema Mheshimiwa Kiema. "Mwenyekiti amependekeza kuvunjwa kwa kamati kuahirishwe."

Nikaandika.

"Sasa wewe unga mkono."

Nikatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Nikainama juu ya daftari, na kwa mwandiko wangu mzuri kabisa nikajaza nafasi iliyobaki: Aliyeunga mkono, hakuna.

"Masila," akasema Mheshimiwa. "Masila, mimi si nakuongelesha?"

Nikafunga daftari. Tukakaa pale, na saa kumi na moja ikafika saa kumi na moja.