Puli Ndogo, Nguvu Kubwa

Jumatatu, 6 Mei

Imewaka! Injini imewaka! Leo sikukuu, mvua inanyesha kama inavyonyesha kila sikukuu, majirani wamejifungia ndani na televisheni zao, na mimi nimesimama gerejini mbele ya kazi ya mikono yangu. Majira yote ya baridi nimeifumua na kuiunga. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya ya silinda hedi. Kila bolti nimeikaza kwa spana ya kipimo. Juu yake inakaa supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda na kuishindilia injini hewa hata ikanguruma. Gari la milango miwili, jekundu, boneti ndefu. Nani mwingine hapa Worcestershire analo la namna hii? Roland Sibley wa klabu yetu ya magari analo, sawa. Lakini Roland alimlipa fundi. Hiyo haihesabiki.

Nikamwita Hilary, mke wangu, aje asikilize. Akaja na mwavuli. Akauliza kama litamfikisha Ludlow kwa dada yake na kumrudisha. Nikamwambia litamfikisha Uskochi! Akasema Ludlow inamtosha. Kisha akanikumbusha sharti lake. Tulivutwa kwa kamba kutoka Wales. Tulivutwa kwa kamba kutoka harusini kwa mpwa wake, yeye na kofia yake ya manyoya kichwani. Likirudi tena nyumbani likiwa limefungwa kamba, linauzwa. Nikacheka sana. Kamba ya nini?

Jumatano, 8 Mei

Nimelipeleka kwa Bronwen Prosser, yule mama wa Kiwelisi mwenye gereji kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Analipandisha gari juu ya magurudumu ya chuma, linakimbia mbio zote bila kwenda popote, na yeye anapima hewa na mafuta kwenye kompyuta huku akila sandwichi. Kutwa nzima. Jioni akaniita. Nguvu za farasi mia mbili na ishirini! Joto liko sawa, mafuta yako sawa, injini imetulia. Nilitamani marehemu baba angeiona.

Nikauliza, kwa upole, kama hatuwezi kuongeza kidogo. Puli ya supachaja, lile gurudumu linalovutwa na mkanda, ikiwa ndogo, supachaja inazunguka haraka zaidi. Hewa zaidi, nguvu zaidi. Hata mtoto anaelewa. Bronwen akasema mafuta ameyapimia hewa hii hii, nyingine ikiongezeka bila yeye kupima upya, pistoni itayeyuka kama jibini. Akaniambia, "Mzee, utazeeka nalo na bado litawaka. Ukiigusa hiyo puli, usinipigie simu."

Watu wa vipimo ni waoga. Hata hivyo nimempenda.

Jumamosi, 11 Mei

Mkutano wa klabu, baa ya kawaida. Pale ukutani kuna ubao, na kila mwanachama huandikiwa kwa chaki nguvu za gari lake. Roland ndiye mwenyekiti, kwa hiyo chaki anaishika Roland. Kwake: mia mbili thelathini na moja. Akaniandika mimi chini yake, herufi ndogo utadhani chaki inamwishia. Kisha akanipiga begani mbele ya wote. "Hongera, bwana mdogo! Polepole utafika."

Bwana mdogo! Nimemzidi umri! Nilikuwa naendesha gari huyu bado anaendeshwa kwenye kigari cha mtoto. Watu wakacheka. Nikacheka nao ili isijulikane kwamba nimeumia, lakini niliumia.

Niliporudi nyumbani nikaagiza puli ndogo. Hilary akauliza naandika nini kwenye simu. Nikamwambia nawasalimu marafiki.

Alhamisi, 16 Mei

Puli imefika! Hilary yuko kwaya. Nimeifunga mwenyewe, na mkanda mfupi zaidi. Kitu kidogo, kinang'aa, unaweza kukiweka mfukoni. Nikaenda kujaribu barabara ya nyuma ya kijiji. Mungu wangu! Kisogo kilinata kwenye kiti. Kondoo wa yule mkulima walikimbilia upande wa pili wa shamba. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani kwa furaha.

Nilipokanyaga mafuta sana nilisikia kisauti fulani, ti-ti-ti, kama mtu anagonga kijiko kwenye kikombe. Nikaongeza sauti ya redio. Kikaisha.

Jumapili, 19 Mei

Siku ya mbio za klabu, kilima cha Tarrow. Magari yanapanda moja moja, saa inahesabu, halafu watu wanakunywa chai hemani na kudanganyana. Hilary hakuja, anapogoa mawaridi yake. Afadhali.

Mpando wa kwanza: nimempiga Roland! Nimempiga! Wametangaza kwa kipaza sauti, jina langu kwanza, lake baadaye. Nikapita karibu yake taratibu ili apate nafasi ya kunipongeza. Akasema gari lina harufu. Wivu huo. Kwa muda wa chai moja na keki moja nilikuwa mtu wa kwanza pale kilimani, na sidhani kama nimewahi kusimama wima namna ile tangu siku ya harusi yangu.

Mpando wa pili: kona ya mwisho. Ti-ti-ti. Kisha PAA! Moshi wa buluu ukafunika mlima. Injini kimya. Msimamizi mwenye koti la rangi ya chungwa akaja mbio na kamba mkononi. Kamba! Nikamwambia asinisogelee. Nikaachia breki, gari likashuka lenyewe kinyumenyume mpaka chini, watu wakikimbilia nyuma ya uzio. Wengine walipiga makofi.

Sasa nyumbani nitafikaje? Fikiri, Neville, fikiri. Hilary alisema kamba. Trela hakulitaja. Trela analo nani? Roland. Akakubali, kwa masharti: nimpelekee sinia la chai hemani, mbele ya klabu nzima, na niseme "karibu chai, mheshimiwa mwenyekiti". Nikasema. Akaniomba nirudie, eti hakusikia vizuri.

Lakini mwisho nimeucheza mimi! Nilimwambia anishushe juu kabisa ya barabara yetu, maana mtaa wetu ni mteremko. Nikaingia garini, nikaachia breki, nikatiririka mpaka mlangoni kwangu bila injini, mkono dirishani, nikitabasamu. Hilary akainua kichwa kutoka kwenye mawaridi. Akasema leo gari limetulia ajabu, halisikiki kabisa. Nikamwambia ndiyo kazi safi hiyo. Akanibusu shavuni. Klabu nzima hakuna mwenye akili kama mimi.

Jumatano, 22 Mei

Msiba. Niliamka nikamkuta Hilary ameshakaa ndani ya gari. Kitambaa kichwani, keki ya dada yake magotini. Twende Ludlow, anasema. Nikamwambia injini inahitaji kupumzika. Nikamwambia kuna mawingu. Nikamwambia tuchukue kigari chake. Akakataa. Akasema, "Neville, majira yote ya baridi nimekula chakula cha jioni peke yangu. Leo nataka nipande hicho kitu nilichokuwa nakaa nacho ukewenza."

Ungekuwa wewe ungemwambiaje? Nikaingia. Nikaachia breki. Tukashuka. Tukapita posta, tukapita kanisa, Hilary anafurahia utulivu, nywele za mbele zikipepea. Kwa kweli ilikuwa safari nzuri. Kisha mteremko ukaisha, na sisi tukaishia kwenye kituo cha basi. Hilary akauliza mbona tumesimama. Nikamwonyesha mandhari. Ilikuwa ukuta wa shule.

Basi likaja nyuma yetu, likapiga honi. Na nyuma ya basi, nani? Unajua ni nani. Roland alishuka akitabasamu mpaka masikioni. Nikamwuliza kwa sauti ya chini habari za trela. Akajibu kwa sauti kubwa kwamba trela lile la Jumapili liko nyumbani, na kwa umbali huu mfupi kamba inatosha. Hilary akanitazama. Akamtazama Roland. Akasema, "Trela la Jumapili?" Nikaanza kueleza. Akasema, "Funga kamba, Roland."

Tukavutwa kupanda kijiji kizima. Hilary ameshika keki yake, anatazama mbele, macho yamelowa. Nilijisikia vibaya, sitaficha, vibaya sana. Nilitaka kumweleza kwamba kwenye mpando wa kwanza nilimpiga Roland, nikaona si wakati wake.

Jumamosi, 1 Juni

Limeuzwa. Hilary hakurudi nyuma, na sikuwa na pa kushika. Aliyelinunua ni Roland, kwa ajili ya mkewe! Bronwen ameweka pistoni mpya, amerudisha puli kubwa, na ubaoni wameandika mia mbili na ishirini kwa jina la Bibi Sibley. Leo asubuhi wamelichukua. Liliwaka mara moja tu ulipogeuzwa ufunguo. Lilipokata kona nilirudi gerejini nikalia kidogo. Nilichojivunia zaidi ni mlio. Fundi mwingine asingeupata mlio ule. Lakini kwanza nilimkimbilia Bibi Sibley hadi kwenye taa za barabarani nikamwambia, kama ushauri wa bure, kwamba tatizo halikuwa puli. Tatizo lilikuwa petroli ya siku hizi.

Hilary akaniletea chai gerejini. Akanishika bega, akasema anajua nimeumia, na kwamba sasa tutakuwa na Jumapili zetu. Yule mwanamke ni mwema kuliko ninavyostahili. Nilimwambia hivyo. Akafurahi, na kwa kuwa gereji imebaki tupu akaniomba nimwekee kigari chake ndani kisinyeshewe.

Kigari chenyewe ni cha lita moja, rangi ya maziwa, hakijawahi kuharibika tangu kinunuliwe. Hakina mlio wala historia. Nimefungua boneti kwa heshima tu, niangalie oili. Oili iko sawa. Lakini nimeona nafasi pale kando ya injini. Nimeipima kwa mkono, kisha kwa futi. Supachaja ndogo inaingia barabara, ukihamisha betri na kukata chuma kidogo sana, ambacho hata hakionekani. Gari ambalo haliharibiki, likiongezewa nguvu! Hilo ndilo nililokosea mara zote, nilikuwa naanza na gari lisilofaa.

Betri nimeshaitoa. Hilary hakihitaji mpaka Ijumaa.