Mlango wa Choo, Mama Mkwe na Gari Letu la Kulala

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze, ila hata ardhi yenyewe haikuwa karibu. Nilikuwa juu ya magurudumu. Chooni.

Nawasimulia mwenyewe kuanzia mwanzo, maana jirani yangu Mama Furaha ameshaanza kusambaza kisa chake, na cha kwake kina chumvi nyingi.

Wengi wenu mnalijua lile gari langu linalokaa uani kwetu hapa Nsambya, Kampala, jirani na kambi ya polisi. Lile refu jeupe, lenye mistari ya kahawia. Ni gari la kulala. Ndani lina jiko, kitanda, choo, kabati, lina kila kitu cha nyumba isipokuwa nafasi. Mimi na mke wangu Prossy tulilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. (Aliondoka akitabasamu sana. Nilidhani ni ukarimu.)

Miaka yote nimekuwa nikiendesha watalii kwenda mbugani. Wao wanalala hotelini, mimi nalala kwenye kiti cha dereva pamoja na mbu. Siku moja Prossy akaniambia, "Adriko, na sisi tutapata gari letu. Wewe unaendesha, mimi napika, wageni wanalipa." Basi, hiyo ikawa ndoto yetu. Kisha akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani ili ndoto ipate matairi. Huu ni mwaka wa pili nakula peke yangu.

Nimemkumbuka mke wangu, jamani. Sioni haya kusema. Ndani ya lile gari kuna vikombe viwili vya bati. Kimoja sijawahi kukinywea, kinangoja mwenyewe. Jioni nyingine nakaa mle kwenye kiti cha abiria, siendi popote, kiti cha dereva kitupu, namwambia habari za mchana kana kwamba yupo. (Msiulize kwa nini mimi ndiye nakaa kwa abiria. Prossy alikuwa anasema naendesha kama nimeliiba, kwa hiyo siku moja ataendesha yeye.)

Sasa leo ilikuwa siku kubwa. Bosi wake kule alitaka jibu kabla ya jua kuzama: aongeze mkataba, au akatiwe tiketi arudi nyumbani. Prossy akasema mama yake ndiye ataamua. Mama aje alione gari kwa macho yake. Akisema linafaa kuanzia maisha, Prossy anarudi. Akisema ni makopo matupu, Prossy anabaki huko miaka mingine miwili.

Mama mkwe wangu anauza vitenge Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla mjini. Amewauzia Wakongo tangu zamani, kwa hiyo Kiswahili anacho, na hadanganywi kwa kitambaa wala kwa mkwe. Na kwa nyinyi msiooa Buganda, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoumia. Kule mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawabanani mahali pamoja. Unamsalimu kwa mbali, macho chini, na maneno mazito mnapitishiana kwa mtu wa tatu. Ukikiuka, wanasema unashikwa na obuko: mikono inaanza kutetemeka, na inaweza kutetemeka mpaka uzeeni. Mimi ni Mlugbara, mtoto wa kambi ya polisi, nimekulia kwenye chumba kimoja na pazia katikati, mambo hayo hatukuwa nayo. Lakini ukipenda boga, penda na ua lake.

Kwa hiyo nilipanga vizuri. Mama akifika, mimi nitakuwa nimesimama kule getini, nimevaa kanzu na koti. Ataingia peke yake, atakagua, atatoka. Prossy atakuwa kwenye simu ya video. Heshima tupu.

Alisema atakuja baada ya chakula cha mchana. Nani amewahi kumwona mtu wa Kikuubo akifunga duka mapema? Asubuhi nikawa bado nimo ndani ya gari, nimevaa bukta na fulana, napiga deki.

Na ngoja niwaambie kuhusu aliyebuni gari lile. Popote alipo, namwombea alale ndani yake. Taa ya jikoni inawashwa kutoka kitandani. Soketi ya umeme ni moja tu, na iko ndani ya kabati la nguo, kwa hiyo simu inachajiwa katikati ya soksi. Bomba la sinki limeinama mpaka sufuria haiingii chini yake, unachota maji kwa kikombe kama unamnywesha ndama. Kutoka nyuma kwenda kwa dereva kuna kidirisha, na hicho ni cha paka, tena aliyekonda. Halafu mlango wa choo. Unafunguka kwa nje, kuelekea kwenye meza. Na meza ndiyo kitanda! Unavuta chuma fulani, meza inashuka, mbao zinateleza, zinakuja kukita kwenye mlango wa choo. Maana yake ukitaka kulala, uwe umemaliza shida zako zote za duniani.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa naomba tu mama asiyajue.

Nikasikia bodaboda inasimama. Kisha sauti.

"Abeeno! Wenyewe muko?"

Mama mkwe! Saa za asubuhi!

Nikachungulia dirishani. Yeye huyo, gomesi ya zambarau, lile vazi refu la Kiganda, mkoba begani, anakuja moja kwa moja kwenye gari. Mlango wa kutokea ni ule ule anaokuja kuingilia. Mimi nimo kwenye bukta. (Ya zamani. Ile yenye tundu.) Ndani ya gari lile watu wawili hawapishani bila kugusana matumbo. Kile kidirisha cha paka nilikitazama kwa matumaini, kikanitazama.

Nikaingia chooni nikajifungia. Hesabu yangu ilikuwa hii: yeye ataangalia, atatoka, atanitafuta ndani ya nyumba, mimi nitachomoka, nitavaa kanzu, nitatokea getini kama mtu mwenye akili.

Choo chenyewe, ukikaa magoti yanagusa mlango, ukisimama shingo inapinda. Kioo wamekiweka usawa wa tumbo. Basi nikasubiri pale, tunatazamana mimi na kitovu changu.

Nikamsikia anapanda. Gari likainama kidogo. Akafungua kabati, akafunga. Akafungua friji.

"Eh. Iko safi," akajisemea.

Moyo wangu! Nilitaka kupiga vigelegele. Akafungua kabati la vyombo. Nikasikia bati linagongana na bati.

"Vikombe mbili," akasema polepole. Kisha nikasikia anavirudisha kimoja kimoja, taratibu.

Halafu akasema, "Sasa kitanda ya mutoto wangu iko wapi?"

Nikajua tumekwisha. Prossy alikuwa amemweleza kuhusu kile chuma. Nilitaka kupiga kelele, nikaweka mkono mdomoni. Kraa! Meza ikashuka. Mbao zikateleza. Pu! Mlango wa choo ukakitwa.

"Banange! Gomesi yangu!"

Pindo la gomesi lilikuwa limeshuka na meza, limenaswa na mbao, likamvuta chini. Mama mkwe amekaa kitandani, hawezi kuinuka. Mimi nimo chooni, siwezi kutoka. Gari la safari, na hakuna wa kwenda popote.

Simu yangu ikalia mfukoni mwa bukta.

Niliipokea ili inyamaze, jamani, si kwa kupenda. Prossy akatokea kwenye kioo cha simu. Alikuwa ananong'ona kama kawaida yake, maana bosi wake hulala mpaka mchana na hataki kelele. Tangu aende kule, mke wangu nimemsikia kwa kunong'ona tu.

"Mbona giza? Uko wapi?"

"Chooni."

"Nipige baadaye?"

"Hapana. Mama yako yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Adriko. Mama amekukuta kwa choo?"

"Hajanikuta. Hajui kama nimo."

Upande wa pili wa mlango sauti ya mama ikauliza, "Nani iko naongea kwa choo?"

Nikaifunika simu kwa kiganja. Ningejibuje? Na yeye, kwa kuwa ni mama wa heshima zake, hakuniuliza tena. Akatoa simu yake mkobani akampigia binti yake. Prossy akatuunganisha wote watatu. Na hivyo ndivyo mashauri yalivyoanza. Neno linatoka kitandani, linaruka mpaka Uarabuni, linarudi chooni. Kati ya kitanda na choo kuna ubao mmoja, tena mwembamba.

"Prossy, uliza bwana yako anafanya nini mule."

"Mama anauliza unafanya nini humo."

"Mwambie nilikuwa nampa heshima."

"Mama, anasema alikuwa anakupa heshima."

"Heshima ya kwa choo?"

Prossy akakohoa. Nikaona anauma kanga yake.

"Ambia yeye asukume mulango. Gomesi yangu inapasuka."

"Nimesikia, mama," nikasema.

"Prossy! Ambia yeye asinijibu! Angoje wewe umwambie!"

"Mama anasema usukume, na usijibu."

Nikasukuma. Mlango haukwenda. Nikarudi nyuma kupata nguvu (nyuma yenyewe ni bakuli la choo), nikaupiga kwa bega lote. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mbunifu yule, baada ya kuweka kila kitu mahali pasipofaa, alivishikilia vyote kwa misumari midogo na imani. Mlango haukufunguka. Uling'oka. Wenyewe, na fremu yake, na kipande cha ukuta wa plaiwudi, na kile kioo cha tumbo.

Nikaanguka nao kifudifudi. Kitandani. Nimelala juu ya mlango wa choo, kwenye bukta yenye tundu, miguuni pa mama mkwe wangu.

Sikumgusa! Nataka hilo lijulikane. Kati yangu na yeye kulikuwa na ule mlango, nami kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mama akavuta shuka, lile shuka jipya nililomtunzia Prossy, akajifunika kichwa chote. Simu yangu ikaruka, ikatua chali juu ya mto, na kamera yake ikaona kila kitu.

Ndipo mlango wa nje ukafunguka. Mama Furaha! Mwanamke wa Bukavu, jirani mwema, alikuja kwa sababu ya kishindo.

"Eh Yesu wangu! Munafanya nini mule?"

Na nyuma yake wake wa askari watatu au wanne, na beseni zao za nguo.

Hapo nikaisikia sauti niliyokuwa nimeisahau. Kicheko cha Prossy huanzia puani, kama mtu anayezuia chafya, halafu kinakatika, unadhani kimekwisha, kisha kinalipuka. Kikalipuka. Alicheka kwa sauti yake yote, amemsahau bosi, amesahau kwamba watu wamelala, anacheka mpaka picha inacheza kwenye simu. Hicho ndicho kicheko nilichokioa. Nilikuwa nimelala pale uso kwenye plaiwudi, watu wanatazama bukta yangu, na machozi yananitoka, na si ya aibu.

Chini ya shuka mama mkwe akaita. "Prossy."

"Wangi, maama," Prossy akajibu, pumzi hana.

"Hii gari ni mbaya. Mwenye alitengeneza hana mama mkwe."

Moyo ukaanguka pu. Miaka mingine miwili. Kikombe kimoja. Kitanda nusu.

"Sasa ambia bosi yako," mama akaendelea, shuka linapanda na kushuka kwa pumzi zake, "akate tiketi. Urudi nyumbani. Huyu mutu hawezi kukaa peke yake."

"Adriko," Prossy akasema, "mama anasema..."

Hakumaliza. Asubuhi yote ile alikuwa amefikisha kila neno, lakini hilo lilimshinda.

"Nimesikia," nikasema.

Na safari hii hakuna aliyenigombeza kwa kujibu.

Wanawake walimkwamua mama, wakamtolea kiti chini ya kivuli cha nyumba. Mimi nilitolewa baadaye, nimefungwa taulo la Mama Furaha. Mama akaondoka bila kunitazama, kama desturi inavyotaka, lakini alimpigia Prossy akiwa bado getini, na Prossy akanifikishia: nipeleke jogoo na gomesi mpya ili mambo yatulie, na kile kikombe cha pili nisithubutu kumpa mtu.

Sasa ni jioni, nimekaa kwenye kiti cha abiria. Mlango wa choo umeegemea ukuta wa nyumba. Mikono inatetemeka kweli, kwa hiyo mkiona makosa ya kuandika mnisamehe. Mama Furaha anasema ni obuko. Mimi nasema imeanza Prossy aliponitumia picha ya tiketi.

Kwa hiyo naomba msinicheke. Nimebakiza mtu mmoja tu wa kunicheka, na anakuja. Ule mlango pia msiniulize nitaurudisha lini. Siugusi. Mwenye gari amesema anakuja kuamua mwenyewe ufungukie upande gani.