Kungoja Bamvua Njinjo

Jumatatu, 7 Desemba 1953

Mwezi umeandama! Nimeuona mwenyewe baada ya Magharibi, juu ya paa la duka la Yahya, mwembamba kama ukucha. Mfungo Saba umeingia. Nikaenda mbio kwa Jumbe Huseni kabla mtu mwingine hajamfikia na maneno yake.

Shauri ni hili. Mto Matandu sasa ni madimbwi na mchanga. Mvua za kwanza zikija, maji yatajaa na kambale watapanda kwenda kutaga. Wanapita hapa Njinjo usiku mmoja, labda na nusu. Aliyeujua usiku huo anakausha samaki wa miezi. Asiyeujua anaambulia matope. Kila mwaka watu wanapigana kivukoni, huyu kaziba mapema, yule kachelewa. Jumbe amechoka. Amesema atakayeutaja usiku wenyewe ndiye mwenye mto. Mtu huyo ndiye atakayesema nani atege wapi na lini.

Tumejitokeza wawili. Mimi, Tawakali, mtu wa Kivinje, niliyesoma mwezi na maji tangu nikiwa mtoto. Na Mama Brigita, mjane wa misheni, mkulima wa mtama, mwenye migono, yale makapu marefu ya kutegea samaki. Jumbe alinikumbusha nimwamkie. Nikakohoa.

Mama Brigita alipoulizwa siku, akasema hajui, mto haujasema. Haujasema! Mimi nikaomba kalamu. Nikaandika: Kambale watapanda usiku wa Jumatatu, mwezi kumi na nne, bamvua. Jumbe akaikunja karatasi akaitia ndani ya kofia yake.

Lazima nishinde. Mdogo wangu Bakary ameleta salamu kutoka Kivinje kwamba nikishindwa na huku nirudi, ana kazi ya kubeba boriti za mikoko. Nibebe boriti za Bakary! Mtoto niliyembeba mgongoni akanikojolea! Siendi. Nitakufa Njinjo kwanza.

Jumatano, 9 Desemba

Nimeanza kujenga wando. Watu wa hapa hawajapata kuuona. Ni ua wa fito zilizosimikwa na kufungwa kwa kamba, wenye mlango mmoja. Kwetu tunausimika ufukweni. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yanajaa kuliko siku zote, samaki wanaingia, maji yanakupwa, samaki wanabaki. Unakwenda kuwaokota kama embe. Mlango unatazama baharini, maana ndiko maji yanakotoka.

Nikausimika kivukoni, mlango unatazama baharini.

Mama Brigita akapita na jembe lake begani. Akasimama muda mrefu. Akaniuliza maji ya mto huu yanatoka wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba mto huu unaishia baharini, karibu na kwetu Kivinje, na bahari ikijaa kwa bamvua la mwezi kumi na nne lazima isukume maji mpaka huku. Akaniuliza kama nimeshawahi kuyaona yakisukumwa mpaka huku. Nikamwambia nimefika mwezi wa nane tu, nitayaona wapi? Akaenda zake. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nadhani analia kwa wivu.

Fito sitini na mbili. Kila moja nimeichoma herufi T kwa chuma cha moto, wasije wakaniibia.

Jumamosi, 12 Desemba

Nimempeleleza Mama Brigita. Nilijificha nyuma ya matete tangu alfajiri, mbu wamenila mpaka kope. Nilichokiona: alitazama sisimizi. Alitazama mawingu upande wa juu, kule mto unakotoka. Akachota maji ya dimbwi kwa kiganja, akayaonja, akatema. Basi! Hiyo ndiyo elimu yake yote! Takwimu ya kuhesabia siku hana, mwezi hautazami.

Alipoondoka nikayaonja na mimi. Sikutema, nilitaka kuyajua vizuri.

Jumatatu, 14 Desemba

Tumbo.

Jumanne, 15 Desemba

Tumbo. Dada yangu Mwahija, ambaye ninakaa kwake kwa kuwa mumewe yuko kwenye mkonge Lindi, ananipa uji wa mtama na maneno. Leo kasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia nyumba yake haina sakafu, ni udongo mtupu. Akachukua bakuli la uji akaondoka nalo. Baadaye akarudi nalo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba, kaka, mimi sipendi wakucheke. Nikageukia ukutani nikajifunika shuka mpaka kichwani. Ni maji yale.

Jumatano, 16 Desemba

Nimepona, na msiba mpya umeingia. Yahya mwenye duka anamwoza binti yake. Ng'ombe mzima! Mchele umeletwa kutoka Kivinje kwa lori, na viungo nimevinusa mwenyewe dukani. Karamu ya pilau ni Jumapili, jua likitua.

Jumapili jua likitua! Huo ndio usiku wa Jumatatu! Usiku wangu! Kwa hesabu yetu usiku unatangulia mchana wake, kila mwanachuoni anajua. Nikiwa kivukoni nalinda wando, nani atakula fungu langu? Tangu nije Njinjo sijatia nyama kinywani ila kuku mmoja aliyekufa kwa uzee.

Siku nzima nimefikiri. Bamvua halina usiku mmoja. Lina usiku wa kumi na nne, wa kumi na tano, hata wa kumi na sita. Bahari ina subira kuliko pilau.

Ijumaa, 18 Desemba

Akili ni mali! Baada ya sala nimemfuata Jumbe. Nikamwambia karatasi yangu inahitaji maelezo kidogo. Niliandika usiku wa Jumatatu, lakini kwa heshima ya Mama Brigita na wenzake niliuhesabu kwa hesabu ya misheni. Kwao Jumatatu inaanza mchana, usiku unafuata. Kwa hiyo ni Jumatatu jua likishatua.

Jumbe akanitazama sana. Akasema huo kwetu ni usiku wa Jumanne. Nikasema ndiyo, lakini mtu mwungwana huangalia na jirani. Akatoa karatasi kofiani, akaniambia niyaandike maneno hayo chini na nitie jina. Nikatia, na tarehe, na mstari chini ya jina.

Njiani nikakutana na Mama Brigita akishusha migono yake kutoka darini, anaisuka palipokatika. Kasema sisimizi wamehamisha mayai, na vyura tangu jana hawanyamazi. Nikamwambia vyura hawajui kusoma. Akajibu kwamba na yeye hajui.

Jumapili, 20 Desemba, adhuhuri

Jua kali. Hapa kwetu wingu hakuna. Ila upande wa juu kumekuwa kweusi tangu asubuhi, lakini huko ni mbali, na mvua ya mbali hailoweshi kwetu. Mwahija kaniambia nikauangalie wando wangu. Nitauangalia kesho, ndio mkataba. Nimefua kanzu. Nimefunga tangu jana usiku, si kwa ibada, ni kutayarisha nafasi.

Jumatatu, 21 Desemba

Nitayaandika yote, maana nimedhulumiwa.

Jana tuliketi kwenye majamvi, sinia moja watu watano. Pilau ilikuwa nyekundu, nyama haina mfupa. Nilikuwa katika tonge la tano hivi, mwezi mpevu ndio kwanza unachomoza, tukasikia mngurumo. Mtu akaja mbio akipiga kelele kwamba maji, maji yamekuja, mto umejaa! Watu wakainuka. Sinia yetu wakaondoka wanne.

Mimi nikajua mara moja. Hila za Mama Brigita! Anataka kuniondoa kwenye sinia! Nikabaki. Nikala fungu langu, na la wale wanne, isiharibike. Yahya alinitazama vibaya lakini mgeni ni mgeni.

Kisha wakaanza kupita wanawake wenye makapu kichwani. Mikia ya kambale inaning'inia. Mwahija mmoja wao! Dada yangu wa tumbo moja alikuwa akisaidia kwenye migono ya Mama Brigita! Mama Brigita alikuwa ameitega tangu alasiri, mdomo wa kila mgono unakotazama ndiko samaki walikotoka. Kambale wamepanda, wamejaa, wamekwisha.

Nikakimbia kivukoni na kanzu yangu na tumbo langu. Wando haukuwepo. Hata fito moja. Maji yalikuwa mekundu, yanapita kwa nguvu, na yote yanatoka juu yanakwenda chini. Nikasimama mpaka miguu ikalowa. Nilitaka kulia. Nimelia kidogo.

Asubuhi nikakumbuka. Jana jua lilipotua ulikuwa usiku wa Jumatatu! Mwezi kumi na nne! Kama nilivyoandika! Nimeshinda!

Nikaenda mbio kwa Jumbe. Nikamwambia atoe karatasi asome mstari wa kwanza. Akausoma. Kisha akausoma wa pili, na jina langu, na ule mstari wa chini ya jina. Nikamwambia wa pili haufai, mimi ni Mwislamu, hesabu yangu ni ya Kiislamu. Jumbe akaniuliza: Ijumaa ulihamia misheni, leo umerudi?

Watu wote barazani walicheka. Hata katekista wa misheni.

Jumanne, 22 Desemba

Baraza. Mama Brigita ndiye mwenye mto. Akaulizwa aliujuaje usiku wenyewe. Kasema hakuujua, aliona mvua inanyesha juu, akahesabu maji yatatembea muda gani, akaenda kutega. Nimeona haya kwa niaba yake. Ushindi gani huo wa kutazama tu?

Halafu shauri langu. Mtu mmoja akasema lori la Yahya linashuka Kivinje Alhamisi, na nafasi ipo. Mawazoni nikamwona Bakary amesimama mlangoni mwa ghala, ananionyesha boriti.

Mama Brigita akaomba kusema. Akasema migono yake ni thelathini na magoti yake yamechoka, anataka mtu wa kuibeba. Atanichukua kwa kitoweo cha kila siku, lakini kwanza nijibu mbele ya watu lile swali lake la siku ile. Maji ya mto huu yanatoka wapi?

Mwahija alikuwa ananitazama, amekaza kanga yake kwa mikono miwili. Mimi si mtu wa kusujudia makapu. Lakini boriti ni nzito, na dada yangu alikuwa haniombi kwa mdomo, ananiomba kwa macho.

Nikasema: Kutoka juu.

Wakapiga makofi. Nikaongeza: Kwa sasa.

Hilo la mwisho sidhani walilisikia. Lakini nimelisema, na Mungu shahidi.

Wakati wa kuondoka nikakohoa mbele ya Mama Brigita. Sijui kikohozi kilitokaje, kilifanana sana na shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu.

Jumatano, 30 Desemba

Nabeba migono. Inanuka, nami nanuka. Kitoweo kipo. Mwahija kanipikia kambale kwa nazi mara tatu, na jana kaniita kaka mbele ya majirani bila kucheka.

Leo lori limerudi na barua ya Bakary. Naiandika hapa neno kwa neno, maana ni barua kubwa kuliko anavyojua. Ndugu yangu, salamu. Juzi wavuvi wameokota fito nyingi pwani, karibu na mlango wa Matandu. Zote zina herufi T. Nimeitambua T yako, inaegemea kama mlevi. Nimezifanyia banda la kuku. Je, umekufa maji?

Mwahija kaisoma akacheka mpaka akakaa chini. Mama Brigita kasomewa, kacheka mpaka kafuta machozi. Hakuna hata mmoja aliyeona!

Wando wangu umefika baharini! Kutoka Njinjo mpaka Kivinje, bila lori, bila nauli! Basi njia ipo! Nilisema mto na bahari vinasemezana, wakanicheka. Sasa mtu na anijibu: kama fito zinaweza kushuka, bamvua linashindwaje kupanda? Kosa langu lilikuwa moja tu, mwezi. Mwezi mpevu una joto. Ilitakiwa mwezi mchanga.

Nimeangalia takwimu. Mwezi mchanga ni Jumanne, 5 Januari. Usiku wake nitauandika kwa hesabu zote mbili, ya kwetu na ya misheni, asinikamate mtu. Yahya hana binti mwingine wa kuoza, nimeulizia.

Leo jioni, Mama Brigita akidhani naosha migono, nimekata fito thelathini. Nimezichoma T. Mlango wa wando nimeshauchagulia mahali, palepale kivukoni. Unatazama baharini.