Faili la Watu Sitini na Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti wa Umoja wetu wa wafuga nyuki. Wanachama sitini na wawili. Kushinda nahitaji kura thelathini na mbili. Ninazo ishirini na saba za uhakika, tisa za mashaka. Ishirini na sita ni za Luhende, ambaye alirithi mizinga mia ya baba yake na hajui hata kuzidisha. Mimi nilianza na mizinga miwili ya magome, kijijini Usinge, kwa baiskeli isiyo na breki. Nani alinipigia makofi? Hakuna.

Nimepata mpango. Umoja hauna kompyuta. Mimi nina mpya dukani, na ile ya zamani ipo stoo, inawaka bado. Nitaitoa zawadi Jumamosi, mbele ya wote, robo saa kabla ya kura. Kwa hesabu yangu, kura kumi na moja za nyongeza. Mke wangu Benedikta kasema hiyo ni hongo. Nikamweleza kwamba hongo hutolewa kwa siri. Hii nitaifunga utepe.

Tatizo ni moja. Ndani yake kuna faili langu. Miaka minne nimewapima wanachama wenzangu wote sitini na mmoja kwa asilimia: akili, uaminifu, usafi wa asali, mahudhurio. Na safu ya maelezo. Mzee Masanja, 22: husinzia mkutanoni, akiamka hupinga. Janeti, 38: asali yake ina maji kuliko kisima chake. Shemeji yangu Prosperi, 19: basi tu. Kazi ya kitaalamu kabisa. Lakini likionekana, sipati hata kura ya Prosperi.

Nimelifuta leo. Kubonyeza mara moja, likaenda kwenye pipa la taka pale kwenye kioo. Sekunde tatu. Limekwisha!

Jumanne, 4 Juni

Halijakwisha!

Nilipita kibandani kwa Zablon, fundi kompyuta, jirani na duka langu hapa Chemchem. Nikamuuliza kwa niaba ya rafiki. Akataka kujua kama rafiki huyo amelimwaga pipa lenyewe. Sikuwa nimelimwaga. Akasema hata angelimwaga, faili lingebaki. Kompyuta husahau tu ilipoliweka. Ni kama mtu kachana ukurasa wa yaliyomo, akadhani amechoma kitabu. Dawa ni kuandika upya juu ya diski nzima, au kuitoa na kuivunja. Elfu ishirini.

Elfu ishirini, kufuta! Nikasema nitamfikishia rafiki. Zablon akasema mpe pole rafiki yako, halafu akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikapakua programu ya bure. Saa sita na nusu, ikasema. Nikaianza saa nne asubuhi. Asilimia kumi na moja. Ishirini na tatu. Nimekaa mbele yake kama mtu anayeuguza. Sikula. Thelathini na nne, umeme ukakatika.

Ukarudi saa kumi alasiri. Nikaiwasha. Faili lipo! Programu ilikuwa bado inakagua diski, haijafuta hata herufi. Mzee Masanja bado 22.

Kesho tena. Kwa leo nimeificha stoo, nyuma ya ndoo za asali. Haigusiki.

Jumatano, 5 Juni

Maafa.

Leo tumeanua matanga ya shangazi Stela, miaka tisini na nne, nyumbani kwangu. Watu themanini uani. Nilihesabu viti, sahani, kuku. Sikuhesabu watani.

Watani wetu sisi Wanyamwezi ni Wazaramo, tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani na babu zao wakawa wanawacheka njiani. Msibani mtani hutukana marehemu, hulala kitandani pake, huchukua kitu chochote na kukishika hadi ukigomboe. Na kukasirika ni mwiko. Hapa mtani mkuu ni Zuena, katibu wa Umoja wetu. Aliletwa Tabora na mume wa reli. Mume amekwenda zake, reli ipo, Zuena yupo.

Alianza kwa kulia kwamba shangazi amemdhulumu, ameondoka na meno ya bandia waliyokuwa wakiazimana. Watu hoi kwa kicheko. Kisha akaingia stoo. Nilisimama na sahani mkononi. Akatoka na kompyuta yangu kichwani, kioo na vyote, juu ya kata ya kanga, anaimba kwamba leo Mzaramo ndiye mpagazi na Mnyamwezi ndiye tajiri.

Nilipiga yowe. Yowe la kweli. Wazee wakanishika mabega, wakasema kumbe alimpenda shangazi yake hivi.

Zuena hakudanganyika. Mtani akiona umeumia, masharti hupanda. Akatangaza: jogoo mweupe mmoja, na mimi mwenyewe nibebe ndoo ya maji kichwani kutoka bombani hadi mlangoni kwake, mchana kweupe, nikiimba. Mgombea uenyekiti! Nikapiga hesabu papo hapo: hasara ya kura sita. Nikakataa. Akasema haya, Mnyamwezi, mzigo wako unalala kwangu, na aliyelala na mzigo huuchungulia.

Benedikta anasema jogoo tunaye, kichwa ninacho, shida iko wapi. Haelewi siasa.

Alhamisi, 6 Juni

Sijalala vizuri. Kila simu ikilia najua ni Prosperi.

Mpango mpya. Nimemkubalia Zablon elfu kumi na nane. Ataenda kesho kwa Zuena, aseme ile kompyuta ina kirusi kibaya na yeye amejitolea kuisafisha kwa faida ya Umoja. Nikamsisitiza afute kila kitu, asiache hata nukta, mara saba. Akauliza kama rafiki yangu ameridhika. Nikasema rafiki yangu yuko hoi.

Jogoo amebaki bandani. Heshima imebaki kichwani. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya.

Ijumaa, 7 Juni

Zablon aliingia kwa Zuena saa tatu asubuhi. Mimi nikajibanza kwa muuza viazi, ng'ambo ya barabara. Saa nne. Saa tano. Mama wa viazi akasema hapa si kituo cha basi, baba, nunua au ondoka. Nikanunua kilo mbili. Saa sita zikawa kilo nne. Kutoka ndani nilisikia Zuena akicheka. Kirusi gani kinachekesha? Kilo sita.

Saa tisa Zablon akatoka, dole gumba juu. Diski imeandikwa upya mara saba. Haiwezi kurudishwa na mtu yeyote. Nyeupe kama sahani iliyooshwa!

Nilitaka kumkumbatia. Ndipo akaongeza, kwa fahari, kwamba fundi mwaminifu hafuti mali ya mteja kabla hajaihifadhi. Kila kitu, hata kilichokuwa kwenye pipa la taka, amekihamishia kwenye flashi yake. Hajafungua hata kimoja, si tabia yake. Nikasema vizuri, ilete. Akasema amemkabidhi mwenye kompyuta.

Mwenye kompyuta ni mimi! Zablon akasema yeye ameikuta kwa Zuena.

Nikakimbia nyumbani, nikamkamata jogoo, nikakimbia naye hadi kwa Zuena. Na ndoo ya maji nikabeba. Nikaimba. Watoto wa mtaa mzima nyuma yangu. Kura sita, zimekwenda. Zuena akampokea jogoo, akamsifu, akanipa kompyuta yangu. Nikaulizia flashi. Imefungwa kwenye pindo la kanga yake, niliiona. Akasema nilichogomboa ni kompyuta. Flashi ni mateka mwingine, na masharti yake nitayasikia kesho mkutanoni.

Sihitaji viazi kilo sita.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa ufupi.

Nilikabidhi kompyuta na utepe wake. Makofi mazuri, niliyahesabu: watu arobaini na watano hivi. Kisha Zuena akasimama na karatasi, akasema mtani wake ameomba mateka wake aachiliwe mbele za watu. Akasoma. Majina yote. Asilimia zote, hadi wastani. Maelezo yote!

Nilitazama mlango. Kisha Mzee Masanja akazinduka, akauliza yeye kapata ngapi. Ishirini na mbili, husinzia. Mzee akacheka mpaka akapaliwa, akasema Zuena, Mzaramo wewe, utatuua. Ukumbi mzima ukaanguka. Janeti anatoa machozi kuliko kisima chake. Walidhani katunga yeye! Utani! Zuena akanitupia jicho, akakunja karatasi, akakaa.

Nimeokoka. Nilikuwa nimeokoka kabisa. Nilihesabu kura arobaini na tatu kwenye zile nyuso.

Luhende akasimama, bado anacheka. Akasema kachekesha sana mama, ila hesabu zenyewe zinaonyesha zimetungwa na mtu asiyejua namba. Eti wastani wa Umoja 39.4! Si angeweka arobaini tu, yaishe.

Arobaini tu. Luhende. Asiyejua kuzidisha.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema wastani ni 39.4, umepigwa kwa safu nne, miaka minne, watu sitini na mmoja, na kila alama ina tarehe na ushahidi, na atakayebisha alete kalamu. Nilisema yote kwa pumzi moja. Nilijisikia vizuri kwa sekunde mbili hivi.

Prosperi akauliza taratibu: shemeji, ile kumi na tisa ni wewe?

Luhende sitini. Mimi mbili. Moja ni yangu. Baadaye Zuena akanirudishia flashi, akasema ya pili ni yake. Mtani hamwachi mtani wake msibani.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani kwenye kutakiana amani, nilipewa mkono mmoja. Wa Benedikta, na alikuwa ananikabidhi mwavuli.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la Zablon, asilimia sabini. Umeme, ishirini. Shangazi Stela, kumi, angeweza kusubiri. Alama zote za zamani hazifai tena, maana sasa kuna tabia mpya zimejitokeza. Nimefungua faili jipya tangu asubuhi. Safu sita badala ya nne. Luhende 11. Prosperi 19, hajabadilika. Zablon 8. Zuena nimemwekea 71, nikasikia uchungu, nikashusha 64.

Sitaki tena faili hili likae kwenye kompyuta, nimeona hatari yake. Limo kwenye flashi, na limo hapo tu.

Zablon amenitumia ujumbe: anataka flashi yake kesho saa mbili, amemwahidi Luhende. Hakuna shida. Nitalifuta asubuhi kabla sijampelekea. Kubonyeza mara moja, sekunde tatu.